Afisa wa Manowari na Saa Nane Yangu

Ninyi vijana wa ukoo wetu mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Toeni hivyo vidude masikioni. Siandiki kwa raha. Vidole vinauma, na shule niliishia darasa la nne, tena hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Naandika kwa sababu mnapita sebuleni kwangu kila mnapokuja, mkimwambia bibi yenu "hai, koko" bila hata kusimama, na siku nitakapokuwa sipo mtaanza kuulizana ile saa ya shaba ukutani ilitoka wapi, na kwa nini inapiga kengele kama imerukwa na akili. Hamtapata wa kumuuliza. Basi someni.

Saa ile ilikuwa ya afisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, mtu wa zamani sana, aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Sikumwona hata siku moja. Lakini namjua kuliko ninavyowajua majirani wa ghorofa hii, ambao miaka yote tunapanda nao lifti moja kila mtu akitazama viatu vyake.

Tulipokimbia Kongo, kambini Tanzania tulikaa miaka kumi na minane. Kule ukikohoa usiku, asubuhi watu watatu wanakuuliza umeshikwa na nini. Halafu tukaletwa hapa Marekani, Brooklyn Center, kando ya Minneapolis, apatimenti ya vyumba viwili. Mwanangu akapata kazi kiwandani Fridley, zamu ya usiku. Mkewe akapata kazi ya kupanga nguo dukani huko Maple Grove, anatoka alfajiri. Huyu anaingia, yule anashuka ngazi, wanapungiana mikono kama abiria wa mabasi mawili. Mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na minne, anarudi shuleni na kujifungia na simu yake. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila kitu, ananijibu Kiingereza. Nyumba ya watu wanne, na ugali nilikuwa naula nikitazamana na friji.

Siwalaumu. Kodi hailipwi na hadithi. Lakini kuna siku nilikaa tangu asubuhi mpaka jioni, nikagundua kwamba sauti yangu sijaisikia. Nikasema "aa!" kwa nguvu, kuhakikisha bado ipo.

Mama mmoja wa kanisani ndiye aliyeniambia kuna kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao. Nikamcheka.

"Mimi mwenyewe mzee, dada. Nani atamtunza nani?"

"Wewe miguu yako bado miwili," akasema. "Wao wanatafuta mwenye miguu."

Ndivyo nilivyofika kwa yule bibi. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, ndogo, Fridley, karibu na mto. Alikuwa amepita miaka tisini. Hakuolewa, hakuzaa. Macho yalikuwa yamekufa. Aliona kivuli tu. Ndugu aliyebaki ni mtoto wa marehemu kaka yake, mwanamume mtu mzima, aliyekuja Jumatatu kuleta vyakula na kuangalia kama mabomba hayajaganda. Mimi nilikuwa wa mchana. Jioni alikuja mama mwingine, Mkenya, bado kijana, anayesomea unesi.

Siku ya kwanza nilikuwa napika supu, saa ya jikoni ikapiga. Ting-ting, ting-ting, mbilimbili. Nikahesabu: nane. Nikatazama simu: saa sita mchana kamili. Nikaendelea kukoroga supu. Ilipofika saa nane ikapiga tena, nne. Nikasema moyoni, hii saa ni mgonjwa kama mwenyewe. Nikavuta kiti, nikapanda, nikataka kuitoa betri. Bibi akasikia kiti kikikwaruza sakafu.

"Mama! No! No!" Alipiga kelele kama mtu anayeibiwa.

Kumbe haina betri. Inatiwa nguvu kwa kuzungusha ufunguo, kila Jumapili, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila yeye, kwa kupapasa. Akanikalisha. Kiingereza changu kilikuwa cha miezi michache na chake cha taratibu kwa ajili yangu, kwa hiyo tulielewana. Akaniambia saa ile ni ya melini. Melini siku hukatwa vipande vya saa nne nne, na kila kipande ni zamu ya watu fulani. Nusu saa ikipita kengele moja, nusu nyingine mbili, hivyo hivyo mpaka nane. Zikipigwa nane, zamu imekwisha, waliochoka wanalala, wengine wanapanda juu, hesabu inaanza upya. Ndiyo maana saa sita inapiga nane, na saa kumi inapiga nane, na saa mbili pia.

Nikamwambia na sisi tuna yetu. Jua likishatoka tunaanza moja. Saba yenu ni saa moja yetu.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi humu ndani," akasema, "hakuna hata mmoja anayefuata saa ya Marekani."

Mimi bado sikuwa nimeelewa baba yake alikuwa nani. Nilidhani mvuvi. Akanieleza hivi na hivi, meli, bahari, bunduki, mimi naitikia tu. Halafu akatamka neno la Kiingereza, la zamani, "man-of-war", ambalo baba yake alilipenda, na likafika masikioni mwangu likiwa Kiswahili kitupu.

"Manowari?" nikauliza.

Akageuza kichwa. "Umesema nini?"

"Manowari! Meli ya mizinga!"

Babu yangu aliwahi kuwa mpagazi katika vita vya Wajerumani na Wabelgiji kule Ziwa Tanganyika. Alipotaka kututisha watoto alisimulia siku manowari ilipopita mbele ya kijiji ikitoa moshi, na kuku wote wakakimbilia chini ya vitanda. Neno hilo nililijua kabla sijajua kuhesabu. Nikamweleza yule bibi, kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo. Tukakaa tunarudishiana: manowari, manowari, kila mmoja kwa lafudhi yake, kama watoto wanaorushiana mpira. Tangu nifike nchi hii, hakuna neno langu lililokuwa limempata mtu. Lile lilimpata.

Baada ya wiki chache akanionyesha sanduku chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na madaftari matano ya baba yake, yenye jalada la turubai. Tangu macho yafe hakuna aliyemsomea. Mtoto wa kaka alisema maandishi yanamuumiza kichwa. Yule Mkenya alikuwa na vitabu vyake vya unesi.

"Nataka yote yasomwe kabla sijafa," akasema. "La mwisho hasa."

Nikamuuliza la mwisho lina nini. Akasema baba yake alitoka jeshini bila kupandishwa cheo. Aliipandisha meli kwenye fungu la mchanga. Shangazi zake walikuwa wakinong'ona jikoni kwamba alikuwa amelewa. Baba mwenyewe hakulizungumza hata mara moja mpaka anazikwa. Yeye alikuwa hajawahi kuthubutu kusoma, na alipothubutu, macho yakawa yamekwenda.

Mimi Kiingereza cha kuandikwa kwa mkono, chenye mikia mikia, sikijui. Nambari najua, majina ya mabasi najua, basi. Nikarudi nyumbani nikamwambia mjukuu wangu: Jumamosi utakuja nami kazini.

"Koko, why?" Akakunja uso kama nimemwambia achote maji mtoni.

"Kwa sababu nimesema."

Akaja. Jumamosi ya kwanza alisoma huku amevaa koti, tayari kuondoka. Jumamosi ya tatu alilivua. Alikuwa anamsomea bibi kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, halafu mimi nasema, "Haya, anasemaje?" na yeye lazima anieleze. Hapo ndipo nilipomsikia mjukuu wangu akitafuta maneno ya Kiswahili, anayakosa, anayaumba, anakasirika, anayapata. Sikumsifu. Ukimsifu mtoto wa rika lile anaacha.

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu yule afisa. Alikuwa mtoto wa wakulima wa ngano, magharibi ya hapa, mahali ambapo ukitazama pande zote huoni hata dimbwi. Hajawahi kuona bahari. Akafaulu mtihani, akapelekwa shule ya maafisa wa majini huko mashariki, na safari yake ya kwanza akatapika siku sita. Aliandika kwamba alimwomba Mungu meli izame, mradi tu isimame.

Meli za wakati ule zilikula makaa ya mawe. Siku ya kupakia makaa, hakuna aliyebaki safi, maafisa kwa mabaharia. Mkate wenyewe ulikuwa na masizi. Yule bibi alicheka hapo akasema ndiyo maana baba alinawa mikono mara mbili kila mlo mpaka anakufa. Akazunguka dunia na manowari zilizopakwa rangi nyeupe. Bandari baada ya bandari watu wanapiga muziki, na yeye anaandika tu: leo hakuna barua. Ukurasa wa pili: leo hakuna barua. Mjukuu wangu akaacha kusoma akauliza, "Kwa nini hana marafiki?" Bibi akasema afisa kijana halali na mabaharia, na maafisa wakubwa hawamtaki mezani kwao. Yuko katikati, peke yake, na watu mia saba kwenye chuma kimoja.

Hilo nililielewa bila tafsiri.

Ilipokuja vita kubwa alisindikiza meli za chakula kuvuka bahari ya baridi. Aliandika kidogo miaka ile. Barafu kwenye kamba. Hakuna taa. Amevaa soksi tatu.

Kitu alichokiandika tena na tena ni kupokezana zamu. Afisa anayetoka haruhusiwi kushuka mpaka amweleze anayeingia kila kitu kwa mdomo: meli inaelekea wapi, upepo ukoje, taa gani imeonekana, nahodha ameagiza nini, nani mgonjwa. Hata kama ana usingizi, hata kama wamegombana mchana. Na yule anayeingia akishaelewa lazima atamke kwamba amepokea. Kabla neno hilo halijatamkwa, meli bado iko mikononi mwa yule wa kwanza.

Bibi akanigeukia. "Wewe na mwenzako wa jioni mngefanya hivyo."

Nikasema ndiyo, ndiyo. Sikufanya. Niwaambie ukweli: yule Mkenya nilikuwa simpendi. Tulipishana mlangoni saa kumi na moja, mimi navaa buti, yeye anavua, na kila siku ana la kunichokoza.

"Mama Kongo, hiyo Kiswahili yako ni ya redio ya zamani! Unaongea kama unatangaza vifo."

"Na yako imekatwa mkia," namjibu, na mlango naufunga.

Mimi nimpokeze zamu mtoto anayenicheka? Nilikuwa naondoka, basi linakuja, mengine atayaona mwenyewe.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwezi wa tatu daktari alimwandikia bibi kidonge kipya cha presha. Mtoto wa kaka yake alikileta Ijumaa jioni, akabandika karatasi kwenye friji, kwa mkono wake, na maneno matupu, hakuna nambari. Jumamosi nikamwambia mjukuu wangu nisomee.

Akatupa jicho. "Kidonge kimoja kila siku, saa nane. Na chakula."

"Saa nane?"

"Saa nane, koko. Imeandikwa hapo."

Saa nane mchana, nyinyi nyote mnaijua. Kengele zikapiga nne, nikampa kidonge na ndizi. Jumapili hivyo hivyo. Jumatatu hivyo hivyo. Jumanne asubuhi nilipofungua mlango nilimkuta kwenye sakafu ya jikoni, amelala ubavu, mkono chini yake, anatetemeka. Alikuwa ameinuka kwenda kuweka chai, dunia ikamzunguka. Hakulia. Akasema, "Umechelewa dakika nne," ambayo ilikuwa kweli, basi lilikwama kwenye theluji.

Kifundo cha mkono kilivunjika. Hospitalini wakasema presha imeshuka kupita kiasi. Mtoto wa kaka akavihesabu vidonge kwenye chupa, vimepungua maradufu. Akaniuliza kama najua lolote. Nikasema sijui. Nilisema hivyo kwa moyo safi, kwa sababu mimi kidonge changu nilitoa kwa saa yake kama karatasi ilivyosema. Nikajua ni yule wa jioni. Na mtoto wa kaka naye akaamini ni yule wa jioni, kwa sababu ndiye aliyekubali kwamba alikuwa anatoa. Ofisi iliyotuajiri ikamwambia asije tena mpaka mambo yachunguzwe, na shule yake ya unesi nayo ingeandikiwa barua.

Niliona raha kidogo. Naandika hilo pia.

Bibi akarudi nyumbani Ijumaa, mkono umefungwa plasta. Vidonge sasa alivitoa mtoto wa kaka mwenyewe. Jumamosi akasema, "Leo la mwisho." Mjukuu wangu akafungua daftari la tano.

Ilikuwa meli yake ya kwanza ya kuongoza mwenyewe, ndogo. Ukungu, mlango wa mto, pembeni kuna fungu la mchanga. Mtoto akasoma, akasimama, akarudia, akachanganyikiwa.

"Haya, anasemaje?" nikauliza.

"Ngoja, koko. Ni ngumu. Zamani, afisa akisema kushoto, mshika usukani anasukuma mti wa usukani kushoto, na meli inakwenda kulia."

"Kushoto ni kulia?"

"Zamani! Halafu serikali ikabadilisha. Ikasema kuanzia sasa, kushoto ni kushoto, meli nayo iende kushoto. Na yeye alijua hiyo sheria mpya. Lakini kwenye ukungu akaogopa, mdomo ukasema ya zamani. Yule kijana wa usukani alifundishwa mpya tu. Akaenda kushoto. Kwenye mchanga."

Bibi alikuwa ameshika mkono wa kiti. "Hakulewa," akasema polepole. "Soma tena."

Mtoto akasoma tena. Hakulewa. Alikunywa kahawa tu, tangu alfajiri. Na mstari wa mwisho wa siku ile ulisema: kijana wa usukani alifanya alichosikia, neno lilikuwa langu, amri ilikuwa yangu. Kwenye baraza la kumhoji walimpa nafasi mara mbili ya kusema kijana alikosea. Mara mbili alikataa. Yule kijana akaendelea na kazi. Yeye akabaki na cheo kile kile miaka mingine minne, hakuna meli tena, mpaka akaondoka akahamia Minneapolis, kufanya kazi ya ofisini kwenye kinu cha unga, na asubuhi anatembea kwenda kutazama mto.

Bibi alilia, machozi ya mtu aliyengoja muda mrefu, bila sauti. Tulimwacha alie.

Mjukuu wangu, kwa kutaka kumchangamsha, akasema, "Ni kama mimi na koko. Yeye anasema saa mbili, mimi nasema saa nane."

Nikamgeukia. "Umesemaje?"

"Eight. Mimi nasema saa nane, kwa sababu ni nane, si ndiyo? Wewe unasema saa mbili. Rafiki zangu wote wanasema kama mimi."

Kengele ikapiga. Nne. Saa nane yangu, saa ya kidonge.

"Karatasi ya kidonge," nikasema. "Iliandikwa nini? Kwa Kiingereza."

"At eight."

"Asubuhi au jioni?"

Akaanza kujibu, akanitazama. Alikuwa amekwisha kuelewa. "Evening," akasema. Uso ukaharibika. "Koko, ni mimi. Koko, nimemwangusha."

Nikamwambia anyamaze, afute pua, akavae koti. Bibi akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu, mtoto anaumwa tumbo. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili, baada ya ile "sijui", na huu nilikuwa najua kwamba ni uongo.

Jumapili ile sikuwa na zamu; siku nzima nililala kitandani na nguo za kanisani. Yule Mkenya angefukuzwa, na mimi ningebaki. Hakuna mtu aliyejua. Mtoto asingesema. Nikisema, nitatolewa, maana nani atamwacha mzee wake na mtu asiyeweza kusoma karatasi ya dawa? Nikitolewa narudi kwenye friji. Mtu pekee Marekani nzima aliyekuwa akisubiri kusikia mlango nikiufungua ni yule bibi. Niliipima hiyo. Niliipima sana. Mwanangu aliamka, akapita, akasema "hai mama," akaenda kazini.

Jumatatu mtoto wa kaka akaja na mifuko yake. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, karibu na saa. Nikazima maji ya sinki. Nilikuwa nimejifunza maneno njiani, ndani ya basi, bila kumwomba mtoto msaada.

"Kidonge cha mchana nilitoa mimi," nikasema. "Siku tatu. Saa yangu na saa yenu si moja. Yule wa jioni hana kosa."

Akaweka mifuko chini. "Lakini wewe huwezi kusoma maandishi yangu. Nani alikusomea?"

"Amri ilikuwa yangu," nikasema.

Bibi akainua kichwa. Alilitambua neno la baba yake hata kwa Kiingereza changu kilichovunjika. "Muulize tena," akamwambia mtoto wa kaka yake, "na atakujibu hivyo hivyo. Usijichoshe."

Hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Alitoka nje akapiga simu ofisini, akarudi akasema kwa upole kwamba leo ndiyo siku yangu ya mwisho. Bibi akasema, "Hapana." Akarudia mara tatu, kila mara sauti inapungua. Hatukuwa na la kufanya.

Saa kumi na moja Mkenya akaja. Walikuwa wamemwita arudi. Alisimama mlangoni, buti mguuni, hajui anitazame vipi. Nikamwambia, "Keti. Nakupokeza zamu."

Akaketi. Nikamwambia yote. Chai yake maziwa kwanza. Supu isiwe na vitunguu vinavyoonekana, atavigusa kwa ulimi na kuvitema. Bega la kushoto linauma kukiwa na theluji njiani. Mlango wa bafu usifungwe mpaka mwisho. Saa isiguswe, Jumapili mpe ufunguo na umsogezee kiti, sasa mkono mmoja umevunjika utamshikia saa lakini azungushe mwenyewe. Madaftari yamekwisha, lakini atataka yaanze tena. Na kidonge ni saa mbili usiku, eight yao, wewe unaijua, mimi sikuijua.

Alisikiliza bila kucheka hata mara moja. Nilipomaliza akasimama. "Nimepokea zamu, mama," akasema. Tangu siku hiyo Kiswahili chake hakina kasoro kwangu.

Njiani kwenda kituo cha basi mjukuu wangu, aliyekuwa amekuja kunichukua, akaniuliza kwa nini sikumtaja.

"Wewe ulishika usukani tu," nikamwambia. "Tembea."

Kiangazi kilipoanza wakamhamishia bibi kwenye nyumba ya wazee, Maple Grove. Nilikwenda mara tatu, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Mara ya tatu hakunijua. Nilikaa, nikamshika mkono ule uliopona vibaya, nikataja jina langu, hakuna. Nikataja Fridley, hakuna. Halafu nikasema, "Manowari." Midomo ikacheza. Akalirudisha, kwa lafudhi yake. Hatukusema lingine.

Alikufa majani yalipokuwa yanaanguka. Yule Mkenya ndiye aliyeniletea saa, imefungwa kwenye taulo. Alisema bibi aliagiza mapema, akili ikiwa bado imara, na mtoto wa kaka hakupinga. Niliitundika sebuleni. Siku mbili za kwanza mwanangu alilalamika haimwachi alale mchana. Mkewe akauliza kama tunaweza kuiweka kabatini. Mjukuu peke yake hakusema kitu. Jumapili alisogeza kiti, akanipa ufunguo.

Nikakaa na kengele zile wiki nzima. Zinapiga nane, yule anatoka. Zinapiga nane, huyu anaingia. Hakuna anayemwambia mwenzake meli inaelekea wapi. Mkwe wangu alikuwa na uvimbe kwenye titi mwezi mzima kabla sijajua, na mumewe akajua baada yangu. Uvimbe wenyewe ulikuwa si kitu, ashukuriwe Mungu. Lakini mwezi mzima alikuwa nao peke yake katika nyumba hii hii, na mimi nimekaa hapa hapa nikitazama friji, nikidhani mpweke ni mimi.

Jumapili ile baada ya ibada nikawakalisha wote watatu, simu zote nikazitia kwenye sufuria na kuifunika. Nikawaambia hivi, na hivi ndivyo ilivyo mpaka leo, na ninyi mnaosoma mkija kulala kwangu hata siku moja mtaifuata:

"Hakuna atakayetoka nyumba hii kwenda kazini au shuleni kabla hajampokeza zamu anayebaki. Amwamshe kama amelala. Amwambie kwa mdomo wake, kwa Kiswahili, kuna nini jikoni, nani mgonjwa, nani amepiga simu, na yeye mwenyewe moyoni ana nini. Na anayepokea asiniletee 'okei'. Aseme: nimepokea zamu. Asiyelisikia neno hilo asishike kitasa cha mlango, hata basi likimwacha."